Kigawo na kigawe: ni neno moja?

SWALI: Nafundisha hisabati Kidato cha Kwanza, Tanzania. Wanafunzi wangu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa hiyo tukifika kwenye LCM (Lowest Common Multiple, namba ndogo kuliko zote inayogawika kwa namba zilizotolewa) huwa nawakumbusha ile KDS, jina lake la Kiswahili, waliyokuja nayo. Hapo ndipo vurugu huanza. Wengine wanaandika "kigawo kidogo cha shirika", wengine "kigawe". Mwalimu mwenzangu anasema ni neno moja, linatofautiana matamshi tu. Ni kweli?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Mfikishie mwenzako salamu, umwambie irabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba somo zima.

Maneno yote mawili yanatokana na kitenzi gawa. Tukiweka ki- mwanzoni na -o mwishoni, mara nyingi tunapata kifaa cha kufanyia kazi: funika hutupa kifuniko, ziba kizibo, pima kipimo. (Usiwape wanafunzi kama sheria ya kila nomino yenye -o, wimbo na mchezo si vifaa.) Irabu -e ni adimu zaidi, na humtaja yule aliyetendwa. Aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe.

Basi kigawo ndicho kinachogawa, na kigawe ndicho kinachogawika. 3 ni kigawo cha 12 kwa sababu inaigawa bila kuacha baki. 12 nayo ni kigawe cha 3. Ni namba zilezile mbili, ila safari hii umesimama upande wa pili. Ndiyo maana LCM ni Kigawe Kidogo cha Shirika, na ndugu yake ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS. Hiyo D ya KDS imechukuliwa katikati ya neno "kidogo"; tungefuata herufi za mwanzo, zote mbili zingekuwa KKS. Na kama yupo anayedhani "shirika" ni kampuni, mwambie ni kule kushiriki: namba mbili zinakichangia.

Lakini nadhani kinachowavuruga zaidi vijana wako si irabu. Chukua 12 na 18. KKS yake ni 6, KDS ni 36. Mtoto anaona "kikubwa" ni 6 na "kidogo" ni 36, anahisi mwalimu kayachanganya, naye anabadilisha irabu ili mambo yakae sawa. Mwonyeshe orodha zenyewe. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, basi, vimeisha. Kwa kuwa vina mwisho, tunaweza kukitafuta kilicho kikubwa. Vigawe vyake ni 12, 24, 36, 48 na kuendelea, havina kikomo, kwa hiyo cha kutafuta ni kile kidogo ambacho 18 nayo inacho.

Yule anayeshikilia "kigawo kidogo cha shirika" usimkosoe kwa kalamu nyekundu. Mwite ubaoni akitafute cha 12 na 18, kisha cha 7 na 20, kisha cha namba zozote azipendazo. Kila mara atapata 1.