Presha haisafishwi kwa dozi ya siku 21

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 51, nakaanga chapati Mbagala. Ni mwembamba, pombe sinywi. Nimepimwa mara tatu, presha 168 kwa 104. Jirani kaniletea dawa ya kusafisha mishipa, dozi ya siku 21, shilingi 90,000. Anasema niache vidonge, presha ni ya matajiri wenye vitambi, mimi nina sumu tu. Mama alinibeba mimba mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano tuliouita wa Yanga, sijui kama inahusu.

Jibu: Inaweza kuhusu, mama, kuliko hiyo sumu. Vidonge usiache hata siku moja.

Figo huchuja damu kwa vichujio vidogo mno, navyo hutengenezwa mtoto akiwa tumboni mwa mama. Ukishazaliwa kwa miezi kamili hakiongezeki hata kimoja. Mtoto wa mama aliyeshinda njaa anaweza kuzaliwa na uzito mdogo na vichujio pungufu, na figo za hivyo huchangia kupandisha presha ukubwani. Kwako siwezi kuapa, uzito wako wa kuzaliwa hatunao. Ongeza kuamka saa tisa usiku kukanda unga, moshi wa mkaa, na kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo.

Eti ya matajiri! London walifuatilia watumishi wa serikali kuanzia 1967, wanaume wa ofisini, wote na mshahara. Matarishi walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko wakubwa wao, na sigara peke yake haikutosha kueleza tofauti hiyo.

Sasa hii sumu. Wagonjwa wa kiharusi wananijia mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, na kwenye mkoba wa binti aliyewaleta kuna chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cha kahawia, kizibo kimefungwa kwa nailoni. Nauliza vidonge viko wapi. "Aliacha, tuliambiwa havichanganyiki." Sumu gani, basi? Ina jina? Imepimwa wapi? Hakuna anayejibu. Miaka hamsini ya maisha magumu imekakamaza mishipa, halafu mtu anakuahidi kuisuuza kwa wiki tatu kama sufuria. Kinachoniudhi zaidi, mgonjwa hujisikia vizuri kweli siku za mwanzo, maana presha haiumi. Inapanda kimyakimya.

Nanyi vijana mnaowatumia wazazi hela ya dozi hizi kwa simu, acheni. Mnunulieni mzazi mashine ya presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Akae dakika tano, miguu chini, asiongee, mkono usawa wa moyo, namba ziandikwe daftarini. Daftari hilo aje nalo kliniki, tuone kama dozi ya vidonge inatosha.

Na jirani akirudi na chupa yake, mama, mkalishe kwanza naye apimwe.