Uhakiki wako wa Boyhood

Ndugu yangu, umeuliza kama ni haki kuandika katika uhakiki wa darasani kwamba filamu ya Boyhood (2014) imesifiwa kupita kiasi, ilhali mwalimu wako anaihesabu kuwa bora kuliko filamu zote zinazohusu makuzi ya vijana. Ni haki, mradi utenganishe namna ilivyotengenezwa na wahusika waliomo.

Mwongozaji wake, Richard Linklater, aliwapiga picha waigizaji walewale kidogo kidogo kwa miaka 12, kuanzia 2002, na uvumilivu huo unastahili heshima. Lakini kumwona mwigizaji Ellar Coltrane akirefuka na kubadilika sauti si sawa na kumjua Mason, mhusika mkuu anayemwigiza, ambaye kwa karibu saa tatu hutazama zaidi kuliko anavyotenda, na ambaye falsafa zake za ujanani (mimi zilinichosha) hazimgharimu chochote.

Ushahidi wenye nguvu zaidi utafute pembeni. Mindy na Randy, watoto wa baba wa kambo mlevi wa Mason, wanaachwa nyumbani kwake mama yake Mason anapotoroka na wanawe, nasi hatuwaoni tena. Kibarua anayetengeneza bomba uani, anayeshauriwa na mama huyo asome, anajitokeza baadaye akiwa meneja wa mkahawa ili amshukuru tu.

Usimshambulie Patricia Arquette kwa haraka: tuzo ya Oscar aliyoipata aliistahili, na mama anayemwigiza, hasa anapolia siku Mason anapofungasha kwenda chuoni, ndiye mhusika aliyekamilika. Ningemtumia yeye kuwapimia wengine.