Kuigiza haramia si kupora tu

Umeuliza kama mnaweza kuigiza kundi la maharamia ndani ya EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, bila kuonekana wasumbufu tu. Mnaweza kabisa, ila amueni kwanza nyinyi ni maharamia wa aina gani. Kati ya makundi ya maharamia ya mchezo huo, Guristas walianzishwa na waasi wa jeshi la Caldari (mojawapo ya dola za mchezo), Serpentis wanaishi kwa dawa za kulevya, Blood Raiders wanavuna damu kwa ibada. Tangu Novemba 2023 mchezaji anaweza hata kuwapigania Guristas au Angel Cartel rasmi.

Kinachojenga jina ni kikombozi, yaani malipo ya kuachiwa. Ukimnasa mtu, zungumza naye kama mhusika wako, taja kiasi anachokimudu, na akishalipa mwachie aende zake, hata kama meli yake inakutamanisha. Ukimlipua baada ya kupokea pesa, habari zitaenea na hakuna atakayewaamini tena.

Hadhi ya usalama, yaani alama inayopungua unaposhambulia wengine kinyume cha sheria za mchezo, ikishuka hadi -5, yeyote anaweza kukushambulia popote. Usiikimbie hali hiyo! Hapo ndipo uigizaji unaponoga, kwa sababu mnaishi mafichoni kwelikweli. Matusi nje ya uhusika, hapana, na asiyetaka kuigiza msimlazimishe.