Barua kwa Mwanangu: Kumwandaa Mdogo Wako kwa Chuo Kikuu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Ujumbe wako niliupata, nami nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu ulichoniuliza hakimaliziki kwa simu. Umetaka kujua kama ni mapema mno kuanza kumwandaa mdogo wako kwa chuo kikuu, ilhali ndiyo kwanza ameingia gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, na kama tumtafutie mwalimu wa ziada wa hisabati na fizikia wakati wa likizo. Si mapema hata kidogo, mwanangu, lakini mimi singeanza na mwalimu wa ziada.

Kazi yangu unaijua. Kila mwaka, wanafunzi wapya wanapofika kusajiliwa, mimi huwa kwenye dirisha la masijala nikipokea barua zao za kuitwa chuoni, nakala za vyeti na fomu za daktari. Hawa ni watoto waliofaulu. Wasingefaulu wasingefika hapo. Hata hivyo, nikimuuliza mmoja wao kozi aliyoitiwa inahusu nini, mara nyingi anayenijibu ni mzazi aliyesimama kando yake. Mwaka jana kijana mmoja mwenye A- alinipa fomu iliyojazwa yote kwa mwandiko wa baba yake, na mahali pa sahihi pakiwa pametiwa alama ya penseli ili asikosee pa kuandika. Nilipomwomba aniandikie barua fupi ya kueleza kwa nini jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la cheti cha mtihani, aliitazama karatasi tupu kwa muda, kisha akamsogezea baba yake.

Watoto wa namna hii ndio ninaowaona tena muhula unapokaribia kwisha, wakija kuulizia mtihani wa marudio, na si kwamba akili imewapungukia. Katika shule ya bweni kengele ndiyo iliyowaamsha, ikawapeleka darasani na mezani, ikawarudisha kusoma jioni na kuwaambia walale. Chuoni hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi saa mbili asubuhi, na mhadhiri ataendelea na mada yake uwepo au usiwepo. Kwa hiyo ninapofikiria miaka mitatu iliyo mbele ya mdogo wako, jambo kubwa kwangu ni kwamba aizoee kazi ya kujiamulia na kujisimamia angali karibu nasi, wakati kosa lake bado ni dogo na halimgharimu mwaka mzima.

Uamuzi wa kwanza umeshamfikia, nao ni wa masomo. Wewe ulisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ukafanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kisha KUCCPS, idara ya serikali inayowagawa wanafunzi vyuoni, ikakupanga kwa alama za klasta, yaani masomo manne yanayoihusu kozi, mbali na lile sharti la kupata angalau C+ ndipo mtu asome shahada. Bila shaka unamkumbuka mwenzako aliyetaka uhandisi kama wewe, akiwa ameacha fizikia kidato cha tatu kwa kuwa mwalimu alikuwa mkali. Wastani wake uliushinda wako, na bado uhandisi aliukosa. Mdogo wako yumo katika kundi la kwanza kabisa la gredi ya 10, lililoanza Januari 2026, na kwao jambo hili linakuja mapema zaidi, kwa kuwa wanachagua mkondo kabla hata ya kuingia sekondari ya juu: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Kila mmoja ana masomo matatu ya kujichagulia, juu ya Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, hisabati na elimu ya huduma kwa jamii, ambayo ni lazima. Hisabati nayo si moja, kwa maana walio katika STEM wanafundishwa ile pana, ilhali wenzao wa mikondo mingine wana ile ya mahitaji ya kawaida.

Yeye alichukua STEM, na nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba karibu darasa lote limechukua. Sikumkemea, kwani hata watu wazima hununua mashamba kwa sababu hiyo hiyo. Nilichomwambia ni atafute kozi tatu anazodhani angezipenda, asome mwenyewe ni masomo gani zinayadai, kisha aniandikie ukurasa mmoja kuhusu kila moja. Hapo ndipo ninapokuhitaji wewe. Akija Nakuru mwache akae na wahandisi na mafundi mnaofanya nao kazi kwenye mradi wa maji, awaulize siku yao inaanza vipi, ni hesabu gani wanayoitumia kweli, na ni kitu gani kinachowachosha. Usimsifie kazi yako kupita kiasi. Akirudi hapa akisema uhandisi haumfai na anaona heri jiografia na historia, tutakuwa tumefaidika, maana shuleni bado wanaweza kumsikiliza mwanafunzi anayetaka kubadilisha angali mwanzoni, si baada ya mwaka mzima kupita.

Kuhusu vilabu na michezo sina mengi. Jirani yetu amesikia kwamba vyuo vya Marekani huitisha insha na maelezo ya shughuli za nje ya darasa, na sasa anamsajili binti yake katika kila chama kilichopo ili akusanye vyeti. Huku kwetu KUCCPS haisomi insha ya mtu wala haihesabu vyeti vya chama cha mdahalo. Mtoto akiingia chama, na aingie kwa sababu kitamfunza kusimama mbele ya watu au kufanya kazi na asiowapenda. Ile Tuzo ya Rais, ambayo imekuwapo Kenya tangu 1966, naipenda kwa sababu humtaka kijana ajiwekee lengo mwenyewe katika huduma kwa jamii, ustadi na mazoezi ya viungo, kisha aende safari ya kujitegemea na wenzake. Ngazi ya shaba huanza mtu akiwa na miaka 14, kwa hiyo umri anao. Akipenda, aanze, asipopenda, simlazimishi.

Pesa nazo ni somo. Tangu 2023 serikali ilipobadilisha ufadhili wa vyuo vikuu, mwanafunzi huomba udhamini na mkopo kwa kueleza hali ya familia yake, na zile pesa za matumizi kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, humfikia yeye mwenyewe kwa mkupuo. Nimewaona wanaozimaliza kabla ya majaribio ya kwanza, wakabaki kula chai na mandazi mpaka muhula unakwisha. Ndiyo maana muhula huu nimempa mdogo wako pesa zake zote siku ya kufungua shule, pamoja na daftari dogo la kuandika alichotumia, ingawa baba yako anaona ninamtesa mtoto.

Likizo ya Aprili nataka pia aizoee maktaba. Tawi la maktaba ya McMillan lililoko Makadara si mbali na hapa, na ile maktaba kuu ya barabara ya Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931, anaifikia kwa matatu moja na mwendo kidogo wa miguu. Simpi kazi ya shule aende nayo. Namtaka achague kitabu kimoja kinene, akae nacho saa mbili bila simu, na akifike mwisho hata kama kinamchosha, kwa sababu chuoni atapewa kurasa nyingi za kusoma kwa wiki na hakuna atakayemfupishia.

Sijakataa mwalimu wa ziada. Siku atakaponijia mwenyewe akaniambia mada iliyomshinda, na akanionyesha alipojaribu akakwama, nitamlipia bila kusita. Kumlipia kabla hajajua anachokosa ni kumjazia fomu.

Basi shule ikifungwa nitampa nauli ya kwenda na kurudi, na matumizi ya wiki mbili. Zikimwishia wiki ya kwanza, mlishe kama kawaida lakini usimwongezee hata kumi. Tarehe utakazokuwa nyumbani usinitumie mimi. Mwandikie yeye akitoka shuleni, kwa kuwa ndiye atakayekata tiketi.

Wako akupendaye,
Mama