Kuhusu babu wa Lamu "aliyezama 1944"

Pole sana ndugu yangu. Kama familia iliambiwa tu kwamba babu yako alijiunga na jeshi Mombasa akazama baharini 1944, anza na meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari. Walikufa zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tafuta jina lake bure kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na ujaribu kila tahajia, kwa mfano: Shee, Shehe, Sheikh. Hapo ndipo wengi hukwama. Jina la baba yake ni muhimu mno, waulize wazee wa mitaa ya Mkomani na Langoni huko Lamu wangali hai.