Je, mtoto tumboni anacho kiungo cha harufu alichonacho dume la ng'ombe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Tukuyu. Dume akinusa mkojo wa jike aliye kwenye joto, huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu. Bwana mifugo anasema hapo anapeleka harufu kwenye kiungo fulani cha ndani. Mke wangu ana mimba ya miezi miwili. Mtoto naye anacho?

JIBU: Marahaba. Anacho, tena kinaumbika wakati huu huu. Kinaitwa kiungo cha Jacobson, kwa jina la daktari wa Denmark, Ludvig Jacobson, aliyekieleza kwa wanyama mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa binadamu huanza wiki ya 5 au ya 6 tangu mimba kutungwa (kadi ya kliniki huhesabu tangu hedhi ya mwisho, hivyo ongeza wiki mbili). Utando wa ukuta unaotenganisha matundu ya pua hunenepa sehemu ya chini, hubonyea, kisha hujifunga kuwa kijibomba kidogo, kimoja kila upande.

Sasa sikia jambo ambalo mimi hunishangaza kuliko hata huyo dume wako. Kutoka eneo hilo hilo la pua, seli fulani hufunga safari: hufuata neva za harufu hadi ndani ya ubongo, zikatulia sehemu iitwayo haipothalamasi. Miaka mingi baadaye ndizo zinazotoa homoni ya kuamsha balehe. Naam, mbegu ya ujana huanzia puani.

Kijibomba chenyewe hakidumu na kazi. Kabla ya kuzaliwa hupoteza neva zake, na kwa watu wazima wengi hubaki kitundu tu kisichopeleka taarifa yoyote kwenye ubongo. Hata jeni ambayo kiungo hiki huitegemea kwa panya, kwetu imeharibika. Mtoto wako atanusa kwa utando mwingine, ulio juu kabisa puani, kwa hiyo hapungukiwi kitu.

La kuangalia ni safari ya zile seli. Ikikwama, hutokea ugonjwa wa Kallmann: mtoto hasikii harufu, na balehe haiji au huja nusu. Mvulana akifikisha miaka 14, au msichana 13, bila dalili yoyote ya balehe, apelekwe hospitali akapimwe homoni, na daktari aulizwe pia habari ya kunusa. Balehe huweza kuletwa kwa dawa za homoni, harufu hairudi.