Kagera: kumfukuza nduli au kumrudisha Obote?
Anayesema Tanzania ilipigana Vita vya Kagera ili tu kumrudisha Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na nduli Idi Amin 1971, anaruka tarehe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Novemba akatangaza eneo hilo ni la Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Hapo hakuna ubishi. Ubishi halisi unaanza Mutukula, mji wa mpakani, Januari 1979, jeshi la Tanzania (JWTZ) lilipovuka kuingia Uganda. "Uwezo wa kumpiga tunao," alisema Nyerere, lakini kumpiga mpaka wapi? Shaka ina msingi: Obote alihifadhiwa Tanzania, na wapiganaji wake walijaribu kuvamia kutokea huku 1972 wakashindwa vibaya. Ila Kampala ilipoanguka Aprili, aliyeapishwa kuwa rais alikuwa Yusuf Lule, si Obote. Obote alirudi madarakani Desemba 1980, kwa uchaguzi uliolalamikiwa (huo nao mjadala wake).